Sufuria Isiyopenda Hasira

Saa kumi jioni tamale zilikuwa bado mbichi, na Shangazi Tomasa alikuwa ameshampata mkosaji.

"Hapa kuna mtu ana hasira," alisema, akakirudisha kifuniko cha sufuria kwa kishindo. "Na mimi mtu huyo namjua."

Hakumtaja. Hakuwa na haja. Yuridia alikuwa amesimama penye mlango wa banda la gari, amejikumbatia kwa baridi, akaiona shingo ya shangazi yake inamgeukia polepole kama mlango wenye bawaba mbovu.

"Sina hasira, Shangazi."

"Msikieni anavyosema! 'Sina hasira.' Kwa uso huo hata paka hakusogelei."

Mzee Refugio, baba yake Yuridia, alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa jiko la gesi, kofia yake ya sikukuu kichwani, bia mkono wa kushoto, mkono wa kulia umezama mfukoni mwa koti. Jiko la nje lilikuwa jambo la wanaume. Kukanda unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe, kuupaka kwenye maganda ya mahindi, kutia nyama yenye pilipili, kufunga, kupanga zile tamale zimesimama ndani ya sufuria kubwa, hizo zilikuwa kazi za wanawake, nao walikuwa wamezifanya tangu alfajiri. Kuwasha moto na kukaa kando yake, hiyo ilikuwa kazi yake, na hakuruhusu mtu aguse hata swichi.

"Moto uko sawa, Refugio?" Mama Amparo aliuliza kutoka jikoni.

"Nimewasha moto kabla hujajua kupiga chafya, mwanamke."

Kwa watu waliotoka pande zao za Michoacán, kule Meksiko, jambo hili halina mjadala: tamale haziivi penye hasira. Unga unasikia. Mtu mmoja akinuna karibu na sufuria, hata akivuta pumzi vibaya, utachochea moto mpaka kuni za dunia ziishe na tamale zitabaki uji. Ndiyo maana Shangazi Tomasa alikuwa amefunga vipande vya maganda kwenye masikio ya sufuria, ili yazibe yasisikie mabaya. Na chini kabisa, ndani ya maji, alikuwa ametia peso ya zamani. Maji yakichemka sarafu huruka na kugonga, ka-ka-ka-ka, mpishi akajua mambo yanakwenda. Leo sarafu ilikuwa inagonga mara moja, inanyamaza, inagonga tena, kama mgeni asiye na hakika kama hii ndiyo nyumba aliyoelekezwa.

Yuridia alilelewa na sheria hiyo. Tangu akiwa mdogo, kabla ya kuingia jikoni aliambiwa anawe mikono na akunjue uso. Baba akipasua sahani ukutani, Mama alikuwa anainama kuokota vipande huku akinong'ona, "Si sasa, mwanangu, kuna kitu motoni." Na katika nyumba ile hapakuwa na siku isiyokuwa na kitu motoni. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kupakia matufaha, mwenye nyumba yake ya kupanga upande wa pili wa mji, na bado alikuwa anasimama mlangoni kwa baba yake akikunjua uso.

Leo alikuwa na sababu ya kuukunjua kwa bidii. Nje, ng'ambo ya theluji iliyorundikwa kando ya barabara, kaka yake Evaristo alikuwa amekaa ndani ya gari lake la kazi, anangoja tangu saa nane.

Evaristo alikuwa hajaikanyaga nyumba hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mara ya mwisho, Baba aliinua mkono ampige Mama kwa ajili ya supu iliyopoa, na Evaristo akaudaka mkono ule hewani. Hakumpiga baba yake. Hakumtukana. Aliushika tu, akaushikilia, mpaka mzee mwenyewe akauangalia kama kitu kisicho chake. "Mtoto anayemshika baba yake mkono," Mzee Refugio alisema, "hana nyumba hapa. Atarudi kwa magoti." Evaristo alivuka milima akaenda mji wa Tacoma kutandika vigae. Salamu zake zilikuwa kwamba magoti anayo, ila anayatumia kazini.

Yuridia alianza kuwapatanisha mwezi wa Novemba. Alibeba maneno ya huyu akayatia sukari kabla ya kuyafikisha kwa yule. Mwishowe, mwezi wa Januari, sikukuu ya Kandelaria ya mwanzo wa Februari ikikaribia, Mzee Refugio alitamka akiwa amegeukia televisheni: "Aje ale tamale za Kandelaria. Ale, aende." Yuridia alilipokea neno hilo kama mtu aliyepewa yai la mwisho sokoni.

Lakini mzee alikuwa mtu wa kushika neno lake pale linapomfaa. Evaristo alipofika saa nane, na Yuridia akaenda kumwambia baba yake kwamba amekuja, alijibiwa hivi:

"Tamale zimeiva?"

"Bado, Baba."

"Basi. Nilisema aje ale. Chakula kikiwa mezani, aingie. Hakipo mezani, aingie afanye nini? Anikodolee macho?"

Kwa hiyo sufuria ile ilikuwa ndiyo ufunguo wa mlango. Na sufuria haikuchemka.

"Nenda nje ukapoe," Shangazi Tomasa alimwamrisha sasa. "Kapigwe na baridi kidogo. Ukirudi, urudi na uso wa Kikristo."

Yuridia alivuka theluji mpaka kwenye gari la kaka yake, akafungua mlango, akaingia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya saruji. Evaristo alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana kifuani.

"Zimeiva?"

"Bado."

"Wanapika tamale au wanapika kokoto?"

"Shangazi anasema mimi nina hasira."

"Una hasira?"

"Nitakuzaba kofi, Varo."

Evaristo akacheka mpaka akaegemea usukani. "Basi uko sawa. Sikiliza, nimeshakojoa mara mbili nyuma ya mti wa jirani. Mbwa wake sasa ananiamkia." Kisha kicheko kikamwisha. "Bado anasimulia ile ya matofali?"

"Kila Krismasi."

Hadithi ya matofali waliijua wote kwa moyo. Mzee Refugio alipokuwa na miaka minane, mbuzi wa baba yake alipotea, na baba yake akamsimamisha uani mikono imenyooshwa, tofali mkono huu na tofali mkono huu, mpaka jua likazama. Akishusha mkono, fimbo. Mzee alikuwa akiisimulia kwa kicheko, akijipiga msuli wa mkono wa kulia: "Hapa ndipo ulipotoka mkono huu!" Wageni walikuwa wanacheka. Mama Amparo alikuwa anakwenda kutazama maharage.

"Yuri," Evaristo alisema, "wanafunga njia ya mlimani saa mbili. Theluji inakuja. Saa kumi na mbili nikiwa bado hapa nje, nageuza gari."

"Utaingia."

"Unasema hivyo tangu Novemba."

"Nimesema utaingia! Umekaa miaka yote hiyo, huwezi kukaa saa moja?"

"Naweza kukaa," alisema, akitazama kioo cha mbele. "Lakini nimevaa shati jipya, dada yangu. Mtu mzima, nimekaa barabarani na shati jipya, nangoja kuitwa."

Yuridia akatoka, akazunguka nyumba kupitia mlango mdogo wa nyuma ya banda ili Shangazi asimwone amerudi mapema. Ndipo alipomkuta baba yake.

Mzee Refugio alikuwa peke yake, amepiga goti moja sakafuni mbele ya mtungi wa gesi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika birika, anaumwagia mtungi maji ya moto taratibu, kama anayeogesha mtoto. Mvuke ulikuwa unapanda. Mwali wa jiko chini ya sufuria ulikuwa mfupi kama ukucha. Mkono wa kulia ulining'inia ubavuni, umegeukia ndani.

Kila mkazi wa bonde lile alijua maana ya kumwagia mtungi maji ya moto wakati wa baridi. Unafanya hivyo gesi ikiwa inaisha, ili ukamue kilichobaki.

"Baba. Mtungi umeisha."

Mzee alishtuka, maji yakamwagikia kiatu. "Haujaisha. Una baridi."

"Ulisema umekwenda kuujaza Jumamosi."

"Nimesema una baridi."

Yuridia aliinama, akaushika mtungi kwa mkono mmoja, akauinua. Ulikuja juu kirahisi hivi, kama ndoo tupu. Akamtazama baba yake, kisha akautazama ule mkono unaoning'inia, na vitu kadhaa alivyoviona tangu masika yaliyopita bila kuviulizia vikaja vyote pamoja. Baba akichana nywele kwa mkono wa kushoto. Baba akikataa kupewa mikono kanisani, eti ana mafua. Vikombe vya kahawa, ambavyo siku zote vilikaa rafu ya juu, kushushwa rafu ya chini. Alidhani ni Mama anazeeka.

"Bega lina nini?"

"Halina kitu."

"Uliumia mashambani? Ulianguka ngazini?"

"Yuridia, punguza sauti."

"Si ungesema tu? Ningeupeleka mimi huo mtungi. Dakika kumi!"

"Wewe!" Mzee alisimama kwa shida. "Uende kituo cha gesi ubebe mtungi, vijana wale wote wanakuona, waulize Refugio yuko wapi, amekufa?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali Varo akae nje? Zaidi ya masaa mawili sasa, Baba, yuko barabarani kwa sababu ya tamale ambazo unajua haziwezi kuiva?"

"Zitaiva."

"Haziivi! Nipe funguo za pikapu, nikaujaze sasa hivi."

"Pikapu yangu haiendeshwi na mwanamke."

Yuridia alihisi damu inampanda mpaka nyuma ya macho. Gari lake mwenyewe lilikuwa limefungiwa njia na pikapu hiyohiyo, iliyoegeshwa mlangoni kwa mshazari kama kawaida ya baba yake. Alifungua mdomo, na hapo mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia Shangazi Tomasa na kijiko, na nyuma yake Mama Amparo akifuta mikono kwenye aproni.

"Ahaa!" Shangazi alisema. "Nilijua! Nimemtoa nje apoe, amezunguka nyuma kuja kumgombeza baba yake mbele ya sufuria. Mnaona? Sarafu imenyamaza kabisa!"

Kweli, sarafu ilikuwa kimya.

"Shangazi, mtungi..."

"Mtungi, mtungi! Umemwona nani akilaumu mtungi? Dawa yake tunaijua. Acheze."

Hiyo nayo ni sheria. Mwenye hasira akishajulikana, hucheza mbele ya sufuria, huku akicheka, na kuiomba radhi, hapo unga husamehe. Yuridia alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi utotoni, na kila aliyecheza alikuwa mwanamke. Alimgeukia baba yake. Alingoja. Neno moja tu, angesema gesi imeisha, basi. Hata angesema ameibiwa, amesahau, mtungi unavuja, Yuridia angemwitikia.

Mzee Refugio alirudi kwenye kiti chake, akaketi, akauficha mkono mfukoni.

"Cheza, binti," alisema. "Cheza tu tumalize."

Mama Amparo alikuwa anamtazama mumewe.

Na Yuridia akacheza. Baadaye alijiuliza sana kwa nini, akajijibu kwamba alikuwa na haraka, kwamba alimfikiria Varo na shati lake, kwamba alitaka waridhike upesi apate nafasi ya kukimbia kwa jirani kuazima mtungi. Huenda. Lakini miguu ilianza kabla ya sababu. Alivua kofia ya sufu, akashika kiuno, akapiga kisigino sakafuni, huku na huku, mbele ya sufuria iliyofungwa masikio, akiwa amekenua meno. Shangazi alipiga makofi. Mzee Refugio alijipiga paja kwa mkono wa kushoto, pa, pa, pa, akiangalia kando.

"Cheka vizuri! Hicho si kicheko, hicho ni kiungulia!"

"Nisamehe, sufuria," Yuridia alisema.

Jiko likafanya pu. Mwali ukazimika.

Wote wakautazama. Harufu kidogo ya gesi ikaja, ikapotea.

"Upepo," Mzee Refugio alisema.

"Upepo gani?" Yuridia alikuwa anahema. "Mtungi mtupu. Mtupu tangu asubuhi, na anajua. Amekaa hapo ananiangalia nacheza, na anajua!"

"Mwongo."

"Hakuujaza kwa sababu hawezi kuuinua. Bega limekufa. Mwambie Mama, Baba. Mwambie!"

"Mwongo wewe!" Mzee alisimama, kiti kikaanguka. Alikuwa mwekundu mpaka masikio. "Siwezi? Mimi? Tazama. Nyote tazameni!" Akatoa mkono wa kulia mfukoni, akauchomoa mpira wa jiko, akaushika mtungi kwa mkono uleule, na akaurusha kuelekea begani kama walivyokuwa wanarusha magunia ya matufaha zamani.

Mtungi ulifika usawa wa kifua. Kitu kikalia ndani ya bega, mlio mdogo, kama tawi kavu. Mtungi ukaanguka kwenye saruji, ukavingirika hadi ukutani ukilia ngo, ngo, ngo, mlio wa kitu kitupu usiofichika, na Mzee Refugio akapiga ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia kutoka kwake. Akakaa chini.

Mlango wa gari ukasikika barabarani. Evaristo alikuja mbio akiteleza kwenye theluji, na alipofika mahali theluji inapoishia na sakafu ya banda inapoanza, akasimama ghafla. Vidole vya viatu vyake vilikuwa penye mstari kabisa.

"Baba!"

Mzee aliinua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anayatazama kwa chuki yakimdondokea kotini.

"Sijasema uingie."

"Umeumia. Wacha nikushike."

"Usiniguse! Chakula hakijaiva."

Evaristo akabaki pale. Yuridia alimwona kaka yake anatazama ule mkono, mkono uleule, umelala pajani kwa mzee kama samaki. Mtu mwingine angeingia tu. Lakini alikuwa amekuja kuitwa, hakuja kuvunja mlango, na Yuridia alilielewa hilo na kulichukia kwa pamoja.

"Refugio," Mama Amparo alisema. "Mwambie mwanao aingie."

"Nilisema tamale. Ale, aende. Tamale hazipo."

Mama Amparo alifungua aproni yake. Akaikunja, akaigawa mara mbili, akaifanya kishikio. Akaenda kwenye sufuria.

"Yuri, shika upande huo."

"Amparo!" Shangazi Tomasa aliita. "Huwezi kuihamisha sufuria katikati! Zitaharibika! Na umeshikwa na hasira, nakuona!"

"Nina hasira tangu siku ya harusi, wifi. Shika, Yuri."

Waliinyanyua pamoja, mama na binti, maji yakichapa ndani, wakaibeba mpaka kwenye ule mstari. Evaristo alinyoosha mikono kutoka upande wa theluji, akaipokea. Mama Amparo hakuvaa hata koti. Aligeuka mara moja.

"Nilijua bega lako," alimwambia mumewe. "Nilivishusha vikombe ili usiaibike kuomba. Maisha yangu yote nashusha vitu, Refugio, ili uvifikie, na wewe unadhani ni urefu wako. Mwanangu aliitwa kula tamale. Atakula. Yuri, nipe ufunguo wa kwako."

Yuridia akampa. Sufuria ikawekwa ndani ya gari katikati ya maboksi ya vigae, ikafungwa kwa kamba. Shangazi Tomasa alisimama akiyumba kati ya kaka yake na barabara, kisha akakimbilia gari huku ameshika kijiko.

"Siendi kwa ajili ya mtu! Naenda kwa ajili ya sufuria!"

Mlango wa pembeni wa gari ulikuwa bado wazi. Evaristo, mkono kwenye usukani, alisema, "Panda, twende."

Yuridia aliweka mguu mmoja ndani. Hiki ndicho alichokuwa amekitafuta tangu Novemba, kilikuwa kinaondoka, na nafasi yake ilikuwepo. Akageuka. Baba yake alikuwa amekaa kwenye saruji, kofia imeangukia mbali, anajaribu kuifikia kwa mkono wa kushoto, haifikii.

"Nendeni," alisema, akautoa mguu. "Nendeni tu, upesi!" Akaubamiza mlango wa gari kwa nguvu ambazo hazikumstahili mtu yeyote aliyekuwa ndani.

Mzee Refugio alikataa hospitali kwa saa nzima na zaidi. Alikaa jikoni, akasema ni msuli tu, akasema aletewe bia, akasema akina nani hao wanaokwenda hospitali kwa msuli. Akasema, "Umeyataka wewe." Yuridia alikuwa anaosha mabeseni ya unga, mabeseni waliyoyaacha wengine, na alikuwa anayagonga. Hakuna aliyemwambia akunjue uso. Mwishowe mzee alijaribu kunywa maji, kikombe kikamponyoka, na akasema akiitazama sakafu, "Lete koti."

Hakuweza kulivaa. Yuridia alimfunga mkono kwa shali ya Mama, akamtupia koti mabegani, akamfunga kifungo cha juu kama wanavyofungwa watoto wa shule. Kisha akakinga kiganja. Mzee alikitazama kile kiganja kwa muda. Akatoa funguo za pikapu.

"Bonyeza klachi mpaka chini," alisema walipotoka. "Mpaka chini! Siyo hiyo, hiyo ni gia ya tatu."

"Najua kuendesha, Baba."

"Unaiumiza."

"Nyamaza, Baba."

Akanyamaza. Theluji ilikuwa imeanza, vipande vikubwa vinavyopiga kioo na kushuka. Walikuwa wamefika kwenye taa nyekundu karibu na duka la matairi simu ilipolia. Yuridia aliiweka kwenye spika.

"Yuri? Zimeiva."

"Zimeiva?"

"Zimeiva, mwanangu! Zinabanduka zenyewe kwenye ganda." Nyuma ya sauti ya Mama mtu alikuwa anacheka mdomo umejaa. "Na mimi nina hasira mpaka meno yananiuma. Tomasa amekaa hapa ameduwaa, hajui aseme nini."

"Ni umeme!" Shangazi alisikika akipayuka. "Jiko la umeme halihesabiki!"

"Njia ya mlimani wameshaifunga mapema. Varo atalala hapa kwako, kwenye kochi. Ameshakula saba. Mnakuja?"

"Nampeleka hospitali."

"Aa," Mama alisema. Halafu milio ya sahani.

Yuridia aliona meza yake mwenyewe, viti vyake vinne visivyofanana, mvuke kwenye dirisha. Yeye ndiye aliyenunua yale mahindi.

Kando yake Mzee Refugio alikuwa anatazama mbele. Midomo ilicheza kabla sauti haijatoka.

"Muulize kama wameniwekea."

"Muulize mwenyewe."

Akamnyooshea simu. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa huru, umelala gotini. Uliinuka kidogo, ukarudi gotini.

"Haloo?" Mama alisema. "Yuri? Nani huyo anaongea?"

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, mara moja kwa adabu, kisha bila adabu. Yuridia hakuiondoa pikapu. Alibaki ameinyoosha simu mbele ya mdomo wa baba yake, na mkono wake ukaanza kuchoka, na hakuushusha.